Betri Hulaumiwa Kwanza: Kutafuta Hitilafu za Umeme wa Nyumbani na wa Mwaloni Kando ya Ziwa Victoria

Katika nyumba nyingi za Mwanza na vijiji vya pwani ya Ziwa Victoria, umeme hautoki katika chanzo kimoja. Nyumba moja ya Igombe au Kayenze inaweza kuwa na mita ya LUKU ukutani, paneli ya sola juu ya bati, betri kwenye kona ya sebule pamoja na inveta inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na jenereta ndogo ya petroli inayosubiri siku ambayo vyote hivyo vimegoma. Kila chanzo kina namna yake ya kuharibika, lakini mwenye nyumba huona dalili zilezile chache: taa kufifia, inveta kulia, friji kutogandisha. Kwa kuwa betri ndiyo inayoonekana kuishiwa, lawama huanzia hapo, betri mpya hununuliwa kwa fedha nyingi, hufanya kazi siku chache, kisha dalili hurudi kama zilivyokuwa. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unaanza na dalili, unarudi nyuma hadi mahali umeme unapozalishwa, na betri yenyewe inahukumiwa mwisho, baada ya vingine vyote kupimwa.

Kabla ya kugusa waya

Kinachohitajika ni mita ya fundi inayopima volti na ampea za mkondo mnyoofu, yaani umeme wa paneli na betri, pamoja na volti za mkondo geu, yaani umeme wa ukutani. Kwa betri za asidi zenye vifuniko vinavyofunguka, kipima uzito wa asidi ni cha bei ndogo na hutoa ushahidi ambao mita haiwezi kuutoa.

Paneli haina swichi. Maadamu jua linawaka, nyaya zake zina umeme, hivyo ni vyema kuifunika kwa blanketi zito kabla ya kulegeza maunganisho. Unapotaka kuondoa betri, tenganisha kwanza paneli na chaji kontrola, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, kwa maana kontrola nyingi huungua zikibaki na paneli bila betri. Vua pete na saa ya chuma mkononi. Betri ya asidi inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo sigara, kibatari na jiko la mkaa vikae mbali. Kazi yoyote ya upande wa volti 230 aachiwe fundi mwenye leseni.

Taa huzimika mapema kila usiku, ingawa betri ni mpya

Dalili hii ndiyo inayowapeleka watu wengi dukani, nayo inastahili kuchunguzwa kwa kalamu na karatasi kabla ya mita. Betri haizalishi umeme. Inatunza ule ilioupokea mchana. Matumizi yakizidi mapato hata kwa kiasi kidogo, upungufu hulimbikizwa siku hadi siku mpaka siku ambayo hakuna tena cha kutoa.

Chukua nyumba yenye taa sita za wati 7, televisheni ya wati 60 na king'amuzi cha wati 15, vyote vikitumika kwa saa tano kila usiku. Taa zinakula wati-saa 210, televisheni 300, king'amuzi 75, na simu za familia zikiongezwa kwa wati-saa 60, jumla inakuwa 645. Juu ya bati kuna paneli ya wati 150. Kipimo hicho cha wati 150 kimetolewa katika maabara, seli zikiwa na joto la nyuzi 25 na mwanga ukiwa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kwa Mwanza, jua la siku ya kawaida hulingana na takribani saa tano za mwanga wa kiwango hicho, hata kama tunaliona angani kwa saa kumi na mbili. Saa tano kwa wati 150 ni wati-saa 750, na baada ya kuondoa kama asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi, nyaya na upotevu ndani ya betri, zinabaki 525. Kila siku kuna upungufu wa wati-saa 120.

Betri mpya ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Jioni ya kwanza inaanza ikiwa imejaa, na nyumba nzima inafurahi. Jioni ya pili inaanza na 1,080, ya tatu 960, ya nne 840, ya tano 720. Jioni ya sita inaanza na 600, ambazo hazitoshi kwa matumizi ya 645, na taa zinazimika kabla ya watu kulala. Aliyeuza betri ataitwa tapeli, ilhali betri haina kosa lolote. Kinachokosekana ni paneli ya pili, au kupunguza muda wa televisheni. Ningeonya hasa dhidi ya kuongeza betri ya pili katika hali hii: mapato yanabaki yaleyale, sasa yanagawanywa kwa betri mbili, na zote mbili zinakaa nusu tupu wakati wote, jambo linaloziua upesi kuliko ambavyo moja ingekufa peke yake.

Ikiwa hesabu yako inalingana na bado taa zinazimika, tafuta walaji wasioonekana. King'amuzi cha wati 10 kinachoachwa kikiwaka usiku na mchana hula wati-saa 240. Inveta yenyewe, hata kama hakuna kilichochomekwa, inaweza kutumia wati 15 kwa ajili ya kuwa macho tu, nazo kwa saa 24 ni wati-saa 360, zaidi ya nusu ya matumizi ya nyumba tuliyoitaja. Taa na simu zikiweza kuhudumiwa moja kwa moja na volti 12, inveta iwashwe wakati wa televisheni pekee.

Baada ya hapo mita itumike. Betri ya asidi iliyopumzishwa saa mbili au tatu, bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma karibu volti 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu, na 11.9 au chini yake ikiwa tupu. Kisha isomwe ikiwa inachajiwa, saa saba au saa nane mchana, jua likiwa kali. Ikiwa volti zinapanda taratibu na kufika karibu 14.4 alasiri, mfumo ni mzima. Ikiwa hazivuki 13 siku nzima, tatizo liko kwenye mapato. Lakini ikiwa zinaruka hadi 14.4 asubuhi kwa muda usiozidi saa moja, halafu jioni zinaporomoka mara tu taa zinapowashwa, hapo ndipo betri imepoteza uwezo wake wa kutunza.

Mchana jua ni kali, lakini chaji haipandi

Kosa la kawaida ni kupima paneli ikiwa haijaunganishwa na chochote, kuona volti 20 au 21, na kuitangaza kuwa nzima. Paneli ya volti 12 yenye seli 36 hutoa volti hizo hata chini ya mawingu. Kinachopungua ni ampea. Kwa hiyo pima ampea zinazoingia kwenye betri saa sita mchana wakati betri ina njaa. Paneli ya wati 150 inapaswa kutoa kiasi cha ampea 7 au 8. Ikitoa 3, panda juu ya paa.

Uchafu ndio sababu ya kwanza. Kiangazi kuanzia Juni hadi Agosti huleta vumbi lisilooshwa na mvua, na mjini Mwanza kuna jambo jingine: korongo wakubwa wanaozunguka masoko ya samaki, pamoja na mwewe, hutua juu ya paa, na kinyesi chao hukauka kama saruji. Karibu na maji, wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa mawingu na kufuata taa usiku huacha utando wa mizoga kwenye kioo. Osha asubuhi mapema kwa maji na kitambaa laini, kwa maana maji baridi juu ya kioo chenye joto la mchana yanaweza kukipasua. Paneli iliyolazwa kabisa hushika uchafu. Inamo wa nyuzi 10 hadi 15 huiwezesha mvua kufanya sehemu ya kazi hiyo.

Kivuli kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa kwetu kinahama. Mwanza iko takribani nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo saa sita mchana ya Desemba jua huwa upande wa kusini kwa nyuzi kama 21 kutoka utosini, na mwezi Juni huwa upande wa kaskazini kwa nyuzi kama 26. Mwembe au antena iliyo kaskazini mwa paneli haina madhara yoyote fundi anapofunga mfumo Januari, lakini kufikia Juni kivuli chake kimeifikia paneli, na mwenye nyumba anaamini kuwa paneli imechakaa. Katika makazi ya milimani kama Mabatini na Igogo, jabali la nyuma ya nyumba linaweza kuondoa saa mbili za jua la asubuhi au la jioni mwaka mzima. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo kivuli kinachofunika seli chache tu kinaweza kuondoa nusu ya nguvu. Usikadirie hasara kwa ukubwa wa kivuli.

Joto nalo hupunguza, na hili huwashangaza wanaodhani kuwa jua kali ni faida tupu. Paneli za silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya 25. Paneli iliyobanwa juu ya bati hufika nyuzi 60 bila shida, na kwa hesabu hiyo imepoteza asilimia 14. Iinuliwe kwa kiasi cha kiganja ili upepo wa ziwani upite chini yake.

Waya mwembamba ndio ugonjwa ninaouona mara nyingi zaidi na unaotajwa mara chache zaidi. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ukiwa na urefu wa mita 15 kutoka paneli hadi betri na ukibeba ampea 8, hupoteza kama volti 1.7 njiani, kwenda na kurudi. Katika mfumo wa volti 12 hiyo ni hasara kubwa, na kontrola ya kawaida hubaki na volti chache mno za kujazia betri. Pima volti kwenye paneli wakati inachaji, kisha pima kwenye kontrola wakati huohuo. Tofauti ikizidi nusu volti, badilisha waya uwe wa milimita mraba 6, au sogeza betri karibu. Kagua pia viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu, ambavyo huoza na kupata moto.

Inveta hulia na kujizima friji inapoanza

Friji inayosomeka wati 120 kwenye kibandiko chake huhitaji mara kadhaa ya kiasi hicho kwa muda mfupi wakati kompresa inapoanza kuzunguka. Inveta ikiomba wati 700 kwa ghafla kutoka betri ya volti 12, inavuta karibu ampea 60, na kila udhaifu ulio njiani hujitokeza: tominali zilizolegea, waya mwembamba wa betri, fyuzi iliyoshika kutu. Volti zinashuka chini ya 11 au 10.5, na inveta inajizima ili kuilinda betri. Pima volti kwenye vichwa vya betri wakati friji inaanza. Zikibaki juu ya 12 huku inveta inalia, hasara iko kati ya betri na inveta, nayo hutibiwa kwa kusafisha, kukaza na kuweka waya mfupi na mnene. Zikiporomoka kwenye vichwa vyenyewe, betri ni dhaifu au haikujaa. Inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi laini huzipasha joto mota za friji na pampu, na mlio wa mvumo kwenye kompresa ni onyo tosha.

Umeme wa TANESCO upo, lakini inveta haiuchukui

Mgeni huuliza kwa nini mji uliokaa kando ya maji mengi kiasi hiki hauna umeme wake wa maji. Maji yaliyotulia hayazungushi tabo, yaani gurudumu la kuzalishia umeme. Yanahitaji anguko, na mkondo pekee unaotoka ziwani uko Jinja, Uganda, ambako bwawa la Nalubaale limekuwa likizalisha umeme tangu 1954. Umeme unaofika Mwanza hutoka mbali zaidi kupitia gridi ya taifa: bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, mabwawa ya Mtera na Kidatu, mitambo ya gesi ya Dar es Salaam, na maporomoko ya Rusumo kwenye Mto Kagera, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Maji yaliyo nyuma ya bwawa ni akiba ya nchi, na kwa sababu safari ni ndefu, kukatika kwa umeme mtaani kwako si lazima kutokane na kitu chochote kilicho mtaani kwako.

Dalili inayohusu inveta, hata hivyo, huwa ya karibu. Jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne, nyumba zilizo mwisho wa laini hupata volti 170 au chini yake badala ya 230. Inveta nyingi zenye chaja zina mipangilio miwili: mmoja mkali, unaokataa umeme ulio chini ya takribani volti 170 kwa ajili ya kulinda kompyuta, na mwingine mpana, unaokubali volti za chini zaidi. Ikiwa mita ya LUKU inaonyesha umeme upo na taa ya chaji ya inveta haiwaki, pima volti za soketi kwanza, kisha badilisha mpangilio kwa kufuata kitabu cha kifaa. Friji isiachwe kwenye umeme huo mdogo bila kifaa cha kuilinda.

Wakati wa radi, ambazo kandokando ya ziwa hili ni nyingi, chomoa. Vilima vya Mwanza vina udongo mwembamba juu ya mwamba, na fimbo ya shaba iliyozikwa nusu mita hadi ikagota jiwe haiwezi kupeleka umeme wa radi ardhini ipasavyo. Fundi atafute mahali penye udongo wa kina na unyevu, hata kama ni hatua kadhaa kutoka nyumbani, au afukie fimbo zaidi ya moja na kuziunganisha.

Jenereta inanguruma, soketi haina kitu

Ikiwa injini inazunguka vizuri na hakuna volti, angalia kwanza swichi ya usalama iliyo pembeni ya soketi, kwani mara nyingi imeruka tu. Kisha brashi za kaboni na kidhibiti volti. Jenereta iliyolala miezi mingi inaweza kupoteza usumaku mdogo uliobaki kwenye rota, yaani sehemu yake inayozunguka, na bila huo haiwezi kujianzishia umeme. Fundi huuamsha kwa kuipa betri kwa sekunde chache. Volti zikipanda na kushuka, sikiliza injini: jenereta ndogo hutoa hezi 50 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na petroli yenye maji, hali ya kawaida kwa madumu yanayosafirishwa kwa mtumbwi kwenda visiwani, huifanya ikwame. Isiwashwe kamwe ndani ya nyumba au kwenye korido, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Betri za taa za dagaa hufa baada ya mbalamwezi

Wavuvi wa dagaa waliotumia karabai sasa wengi wanatumia taa za LED zenye betri, na malalamiko yao kwenye mialo, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, yanafanana: betri ilikuwa nzuri mwezi uliopita, baada ya mapumziko haishiki chaji. Sababu iko katika kalenda ya kazi yenyewe. Mwezi unapokuwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi hupumzika, na betri huachwa kambini kama ilivyorudi kutoka majini usiku wa mwisho, yaani tupu. Betri ya asidi inapotoa umeme, sahani zake za risasi hufunikwa na salfeti ya risasi. Ikichajiwa mapema salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi, ikiachwa wiki nzima au zaidi katika joto la kibanda cha mabati inaganda na kuwa ngumu, na sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena. Dawa ni kuijaza asubuhi ileile ya safari ya mwisho.

Nyumba za kuchajia nazo zina mchango. Betri saba zikiunganishwa pamoja kwenye chaja moja, iliyochoka hunyonya zaidi na nzima haijai. Betri ya ampea-saa 70 inataka kama ampea 7 kwa saa kumi hadi kumi na mbili; inayoletwa saa nne asubuhi na kuchukuliwa saa kumi jioni haijajaa, hata kama imelipiwa. Tena wengi hununua betri za gari, ambazo sahani zake nyembamba zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na hazivumilii kumalizwa kila usiku.

Hatimaye, betri yenyewe

Ikiwa mapato yanatosha, nyaya ni nzima na betri bado haikai na chaji, ichaji ijae na upime asidi ya kila chumba. Vyumba vyote vikisoma karibu 1.26, yaani asidi ni nzito mara 1.26 kuliko maji, betri ni nzima. Kimoja kikibaki 1.15 huku vingine vimepanda, chumba hicho kimekufa na betri nzima imekwisha. Maji yakipungua yaongezwe maji safi yasiyo na madini, wala si asidi. Madukani vyote viwili huitwa maji ya betri, kwa hiyo soma kibandiko. Maji ya bomba na ya ziwani hayafai.

Betri ya lithiamu huwa na dalili tofauti: haififii, inazima ghafla, na mita inasoma sifuri au volti chache. Mara nyingi si kifo. Mlinzi wake wa ndani amekata kwa sababu seli moja imeshuka au kupanda kupita kiasi, na hufunguka ikipewa chaja inayofaa. Volti zake hazisaidii kukisia kiasi kilichobaki, kwa kuwa hukaa karibu na 13 kwa sehemu kubwa ya chaji. Usiiunganishe sambamba na ya asidi.

Unapobadilisha betri za asidi zilizounganishwa pamoja, badilisha zote, za aina moja na umri mmoja. Ya zamani huivuta mpya chini ndani ya miezi michache. Ile iliyokufa ipelekwe kwa mnunuzi ikiwa na asidi yake ndani na vifuniko vimekazwa, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi inayoyeyushwa na kutumika tena, na asidi inayomwagwa mwaloni hubeba risasi hiyo hadi mahali watu wanapochota maji.